Muvi mpya na washikaji: jinsi ya kutazama na kuchambua sebuleni

Muvi ikiisha, mara nyingi uchambuzi wote unachukua sekunde tano. Mmoja anasema "kali hiyo", mwingine "ya kawaida tu", wa tatu ameshashika simu, na mwenye nyumba anauliza nani ataosha sahani. Mwongozo huu ni wa washikaji wanaotaka zaidi ya hapo: kukaa sebuleni, kutazama kitu kipya, kisha kukichambua kwa raha zao bila mtu kujifanya profesa. Una kanuni moja kubwa, nami nitairudia mpaka ikukere: hakuna maoni bila tukio. Ukisema imekuboa, tuambie ilianza kukuboa wapi. Ukisema steringi ameua, tutajie pale alipoua.

Hatua ya kwanza: pata watu

Wanne mpaka sita wanatosha. Wakizidi hapo, wawili watafungua kikao chao pembeni na mmoja atasinzia. Wasiwe wa ladha moja. Mashabiki watupu wa muvi za mapigano watakubaliana kila Ijumaa, na hapo ubishi umekufa kabla haujazaliwa. Tafuta mtu wa tamthilia za Kikorea, mtu aliyeifuata Bongo Movie tangu enzi za marehemu Steven Kanumba, na mtu mmoja ambaye kwa kawaida hatazami chochote. Huyu wa mwisho ni mali. Atauliza "kwani kwa nini asimpigie simu tu?" na mara nyingi hakuna atakayekuwa na jibu, pengine hata aliyeandika hadithi.

Kinachosaidia kuliko ujuzi wa sinema ni kazi za watu. Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani, na yeye haangalii sura, anaangalia mishono. Kuna tamthilia tuliyoitazama ambamo binti maskini anafika mjini na gauni lake moja lililochakaa. Fundi akacheka peke yake. "Hilo limekatwa na mkasi," akasema. "Nguo inayochakaa huanza kwapani na kwenye pindo, hailiki katikati ya tumbo." Tukarudisha nyuma, tukasimamisha picha. Kwapa zima, pindo jipya, na katikati ya tumbo tundu la mviringo safi kama mdomo wa kikombe.

Mkiwa na muuguzi, ataona dripu isiyodondosha hata tone, na mgonjwa mahututi mwenye kope za bandia. Mkiwa na dereva, ataona mtu anayeendesha huku amemgeukia abiria dakika nzima, barabara inajiendesha yenyewe. Msiwanyamazishe kwa kusema "si muvi tu jamani". Ila muwaulize swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: kosa hilo lilikutoa kwenye hadithi, au uliliona ukaendelea kufuatilia? Kuna muvi zenye makosa kumi unazisamehe zote, na kuna nyingine kosa moja linaiangusha nyumba.

Hatua ya pili: kuchagua kwa zamu

Achana na kura. Mkipiga kura mtaishia kwenye muvi ambayo kila mtu alishaona trela yake mara tatu na ameshaamua ataipenda. Achague mtu mmoja kwa zamu, na wengine wasiwe na haki ya kukataa. Wana haki ya kuisema baadaye, na hilo linatosha kumfanya afikiri vizuri.

Mwenye zamu ana kazi zake. Ajue muvi ina urefu gani. Siku ya kazi isizidi saa mbili, maana watu wana daladala za kuwahi. Ajue inapatikana wapi kihalali. Na kama nyumba ina watoto, aangalie daraja lake: Kenya bodi yao ya uainishaji inatumia GE kwa watu wote, PG kwa watoto wakiwa na mzazi, kisha 16 na 18, Tanzania kazi hiyo ni ya Bodi ya Filamu. Mjomba anayesema "watoto wamelala hao" hajawahi kulala na watoto chumba kimoja.

Usiku wa kwanza msianze na muvi mpya inayosemwa kila kona. Watu watakuja na maoni ya mitandaoni mfukoni. Anzeni na kitu kifupi ambacho hakina kelele tena, mjifunze kuongea kwanza. Mimi hupendekeza *Supa Modo* ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Ni dakika 74 tu. Inamhusu binti mdogo, Jo, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayependa muvi za mashujaa, na kijiji chake kinachoamua kumtengenezea muvi ambayo shujaa ni yeye. Mtalia, hilo halina mjadala. Mjadala ni kama machozi yale yamevunwa kwa haki au mtengenezaji amekukamua tu, na swali hilo linafungua midomo hata ya wale waliokuja kwa ajili ya mihogo.

Baada ya hapo nendeni kwenye mpya, ila kwa kila muvi mbili za nje iwepo moja ya kwetu. Sisemi hivyo kwa uzalendo. Kwenye muvi ya Los Angeles au Seoul wewe ni mgeni, unapokea chochote unachooneshwa. Kwenye muvi ya Tandale au Eastleigh wewe ni shahidi. Unajua mwenye nyumba anavyodai kodi, unajua watu wanavyokaa msibani, na hapo uchambuzi wako una meno.

Hatua ya tatu: siku moja kabla

Umeme kwanza. Angalia uniti za LUKU zimebaki ngapi, kwa sababu hakuna kitu kinachoua muvi kama kiza kinachoingia dakika ishirini kabla ya mwisho, na simu ya mwenye nyumba haina salio.

Kisha bando. Netflix wenyewe wanasema kutazama kwa HD kunaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na kwa ubora wa kawaida hadi GB 1. Kwa hiyo muvi ya saa mbili inaweza kumeza GB 6 za mtu mmoja aliyejitolea bila kujua alichokuwa anajitolea. Kwa runinga ya inchi 32 na watu waliokaa mbali nayo kidogo, ubora wa kawaida unatosha kabisa. Kama programu inaruhusu kupakua, pakua mapema, kisha jaribu kuicheza kwenye runinga ile ile mtakayotumia. Kucheza vizuri kwenye simu hakuna maana yoyote. Waya wa HDMI una tabia zake, na si kila kilichopakuliwa kwenye simu kinakubali kuhamia kwenye skrini kubwa.

Sauti ndiyo watu wanaidharau, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Spika za runinga nyingi bapa zinatazama nyuma au chini, maneno yanaenda ukutani. Unganisha spika ya nje, na uiunganishe kwa waya ukiweza, maana ya bluetooth mara nyingine inachelewa: midomo inafunga, ndipo neno linafika. Kama ni sabufa, shusha besi. Zile besi ni za muziki wa baa, kwenye muvi zinafunika maneno na kufanya kila mlango unaofungwa uwe bomu. Tafuta sehemu ya watu wanaonong'ona, weka sauti isikike hapo, usiiguse tena.

Kama muvi ni ya lugha ya nje, weka sabtaito hata kama wote mnajiona mnakijua Kiingereza. Aliye mzito wa kusoma akae mbele, na mtu mmoja, mmoja tu, apewe ruhusa ya kumnong'oneza.

Chakula hakina maneno mengi. Mihogo, bisi, juisi ya ukwaju. Karanga za maganda na chipsi za mfuko wa nailoni zipigwe marufuku.

Hatua ya nne: mkiwa mnatazama

Hapa tuna historia yetu. Kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, watu hawakutazama kimya hata siku moja. Muvi ya Kihong Kong au ya Kihindi ilipita kwanza kwa mkalimani, akina Lufufu kwa upande wa Tanzania na DJ Afro kwa upande wa Kenya, nao hawakutafsiri tu. Waliwapa wahusika majina mapya, waliwatania, waliongeza mambo ambayo mwandishi hakuyawaza, na wakati mwingine muvi yenyewe ilikuwa mbovu ila ukalimani ulikuwa wa kulipia. Kelele za sebuleni ni watoto wa kelele zile, kwa hiyo sipendi masharti ya kulazimisha kimya cha maktaba.

Msimamo wangu ni huu. Kama ni vichekesho au mapigano, pigeni kelele mnavyotaka, mwonyeni steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Kama ni muvi inayoongea kwa utaratibu, kimya mpaka mwisho. Anayechagua atangaze mwanzoni ni ya aina gani.

Simu ziwekwe mbali, zote, ikiwemo ya yule anayesema anasubiri ujumbe wa bosi. Kila mtu apewe kipande cha karatasi na kalamu. Aandike mambo matatu tu wakati anatazama: pale alipocheka au kushtuka, pale alipotazama saa, na pale alipojiuliza "mbona hivi?" Aandike na dakika. Baadaye mtu akisema "katikati ililegea", karatasi yake itasema ililegea kuanzia dakika ya 41 mpaka ya 58, mtarudisha na kuona wote.

Msisimamishe ovyo. Kujisaidia ruhusa, kupokea mgeni ruhusa, kubishana marufuku. Na kama kuna aliyeshaitazama, ama ajitangaze mapema au akae na siri yake. Anayemwaga mchele kwa kusema "subiri utaona huyu" alipe nauli za wote. Sisi kwetu sheria hii ipo na imeshawahi kukusanya pesa.

Hatua ya tano: mazungumzo yenyewe

Msizime mara moja. Acheni majina yapite, mtu mmoja ayasome kwa sauti: nani ameandika, nani ameongoza, nani alishika kamera, nani alishughulika na sauti. Majina haya yatakusaidia baada ya muda, ukigundua kwamba muvi tatu ulizozipenda kwa sauti yake nzuri zilipita mikononi mwa mtu mmoja.

Kisha dakika kumi za kula bila hukumu. Ruhusa kuongea chochote isipokuwa kama ilikuwa nzuri au mbaya. Inaonekana kama masharti ya bure, lakini mtu wa kwanza kutoa hukumu huwa anawaburuza wengine, hasa kama ana sauti nene. Mkikaa dakika kumi, kila mmoja anakuwa ameshashika lake.

Ndipo mzunguko wa kwanza. Kila mtu ataje tukio moja lililobaki kichwani, alielezee tu, asilihukumu: nani alikuwepo, alifanya nini, tuliona nini, tulisikia nini. Aanze mkimya kuliko wote, mwenye zamu ya kuchagua awe wa mwisho. Dakika mbili mbili.

Utashangaa watu waliotazama skrini moja wameona vitu tofauti. Tuliwahi kutazama tamthilia ambamo mama mkwe anaingia nyumbani kwa mwanawe, analetewa maji, anayaangalia, anayasukuma pembeni taratibu, anaanza kuongea. Mmoja wetu akasema yule mama anaigiza kupita kiasi, macho yote yale ya nini. Dada mmoja wa Tanga akamkatiza. Kwao, akasema, mgeni akigoma maji ameshasema yote, hayo maneno yaliyofuata yalikuwa nyongeza. Kumbe sisi tulikuwa tunamtazama mama usoni, naye alikuwa anatazama bilauri. Mwongozaji alikuwa ameiacha ile bilauri mbele ya kamera mpaka mwisho wa mazungumzo, imejaa, na kati yetu wengine hakuna aliyeiona. Tulirudisha tukaitazama tena, na aliyesema "kupita kiasi" akabadilisha: macho yalizidi, ndiyo, kwa sababu bilauri ilikuwa imeshamaliza kazi.

Hicho ndicho kikao kizuri. Hakuna aliyeshinda, ila muvi imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa nusu saa iliyopita.

Mzunguko wa pili ni maswali. Msiyaulize yote, chagueni yanayoibua kitu:

Mhusika mkuu anataka nini, na tulijua lini? *Nairobi Half Life* ya David "Tosh" Gitonga (2012) ni mfano mzuri wa kujifunzia. Mwas yuko kijijini anauza muvi huku akiigiza vipande vyake mbele ya wateja; hajamwambia mtu lolote, nawe umeshajua anautaka uigizaji kuliko chakula. Akifika Nairobi na kuporwa siku ile ile, huhitaji kuelezwa amepoteza nini. Sasa linganisha na muvi ambayo mpaka dakika ya arobaini bado unauliza huyu kaka shida yake hasa ni ipi.

Kipi kinamzuia? Kama kinachomzuia ni kwamba watu hawaulizani swali moja rahisi, hapo mwandishi anabana pumzi ili hadithi isiishe. Yule mwenzenu asiyetazama muvi atakuwa ameshaligundua.

Kuna tukio lingeweza kuondolewa bila kuharibu kitu? Kwenye Bongo Movie za zamani swali hili lina historia. Nyingi ziliuzwa kwenye diski kama sehemu ya kwanza na ya pili, mnunuzi akilipia zote mbili, na hadithi ya saa moja na nusu ikavutwa ikae kote. Ndiyo maana unakutana na gari linalotoka getini, linakwenda, linakwenda, linafika, geti lingine linafunguliwa. Kwenye kazi mpya tabia hiyo imepungua sana, lakini mkiiona itajeni. Vilevile mtende haki: si kila mwendo wa taratibu ni uvutaji. Kuna mwongozaji anayemwacha mjane amekaa jikoni dakika mbili bila neno, na dakika hizo ndizo muvi yenyewe.

Wanaongea kama watu? Yasemeni maneno ya mhusika kwa sauti, hapo sebuleni. Aliyezaliwa Buguruni akisema "naomba unieleze undani wa jambo hili" mdomo wenyewe utakataa.

Mwisho umelipwa? Steringi hafi, tumekuzwa tukijua hivyo, na akifa tunadai fedha zetu. Swali bora si kama amekufa au amepona. Rudini nyuma mtafute dakika ambayo mwisho ule ulianza kuandaliwa. Ikiwepo, mwisho ni halali hata kama umekuuma. Isipokuwepo, na adui amegongwa na gari lililotoka hewani, basi mwandishi alichoka.

Halafu kuna jambo ambalo bila kulitenganisha mtagombana bure. "Sijaipenda" na "ni mbovu" si kitu kimoja. Mimi muvi za kutisha sizipendi, na sitazipenda, lakini naweza kusema hii imetengenezwa vizuri: ilinitisha pale ilipotaka kunitisha, kwa mlango uliofunguka kidogo tu, bila damu. Kila mtu aseme yote mawili, moja baada ya jingine. Na muvi ipimwe kwa ilichojaribu kufanya. Kichekesho kisipochekesha kimefeli hata kama picha zake ni za kupigiwa saluti, na hakuna anayekidai kichekesho somo la maadili.

Kuhusu alama, sizitaki. Saba kwa kumi ya huyu ni tano ya yule, mtabishana namba badala ya muvi. Mkilazimika, tumieni hukumu tatu: itazame wiki hii, isubiri siku ya mvua, iache ipite. Kila hukumu na tukio lake.

Tamthilia zina mwendo wake

Sizoni nzima haitazamwi kwa usiku mmoja, wala wote hamna Ijumaa nane za kutoa. Tazameni pamoja epi mbili za kwanza, kila mtu amalizie kwake, mkutane tena kwa epi ya mwisho. Kwenye grupu la WhatsApp kila ujumbe uanze na namba ya epi, kisha mistari kadhaa mitupu, ili ambaye hajafika asidakwe na neno moja kwenye kidokezo cha simu. Aliyetangulia asijisifu. Kuwahi kumaliza si kuelewa.

Tamthilia za kila siku kama *Huba* na *Jua Kali* za Maisha Magic Bongo zinataka kipimo kingine. Zimetengenezwa ziendelee, kwa hiyo kulalamika kwamba epi ya leo haijamaliza kitu ni kulaumu daladala kwa kusimama vituoni. Zipimeni kwa wiki: nani amebadilika tangu Jumatatu, siri gani imehama mikono, na ndoano ya mwisho wa epi ilikuwa ya kweli au ya uongo. Ya uongo mnaijua, mtu anageuka kwa mshtuko, muziki unapanda, kesho yake unakuta ni paka.

Za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, kama zile za Azam TV, mna kazi mbili. Chambueni hadithi, kisha chambueni sauti peke yake. Je, bibi na mjukuu wana sauti ya umri mmoja? Kiswahili kinatiririka au kimebanwa kiendane na midomo? Mtu apewe kazi ya kufumba macho dakika tano na kusikiliza tu. Akiwatambua wahusika bila kuwaona, waliotia sauti wamefanya kazi.

Muvi iliyotoka kwenye kitabu

Mkiwa na aliyesoma kitabu na ambaye hajasoma, mna bahati, mradi aliyesoma asigeuke msimamizi wa mtihani. Chukueni *Vuta N'kuvute*. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na wengi waliopita kidato cha tano na sita wanaikumbuka na maswali yake. Filamu ya Amil Shivji ilikuja mwaka 2021, ikaanzia tamasha la Toronto. Yenyewe imebana hadithi kwenye mapenzi ya Denge na Yasmin na harakati za Zanzibar ya miaka ya 1950. Msomaji atahuzunika kwa kilichoachwa. Sawa, ahuzunike kwa dakika zake mbili. Baada ya hapo swali ni moja: kilichobaki kinasimama chenyewe? Ambaye hajasoma ndiye hakimu wa hilo, kwa sababu yeye peke yake hajazi mapengo kwa kumbukumbu.

Hatua ya sita: kuwaambia wengine

Mkitaka kuandika au kurekodi, iwe usiku ule ule au kesho yake asubuhi. Rekodi ya sauti ya dakika tatu inatosha. Maandishi yawe mafupi: inahusu nini kwa sentensi mbili bila kuvuka robo ya kwanza ya hadithi, tukio moja lililofanya kazi, moja lililokataa, na nani ataifurahia.

"Muvi kali sana, mastaa wameua, picha safi" haimsaidii mtu. Hata mtengenezaji mwenyewe haimsaidii. Linganisha na hii: "Nusu saa ya kwanza inakwenda polepole, lakini ugomvi wa ndugu wawili kwenye duka la baba yao unastahili kusubiriwa, hawapigi kelele, wanahesabu bidhaa huku wanatukanana. Muziki unafunika maneno ya mwishoni. Kama unapenda hadithi za familia, itazame." Hapo mtu anajua kama atoe bando lake.

Kwa muvi za kwetu mjue kwamba waliozitengeneza wanasoma. Msanii wa Dar au Mombasa hayuko mbali nanyi, pengine ana rafiki kwenye grupu lenu. Semeni uigizaji, msiseme mwili wake wala ndoa yake. Na msirushe mitandaoni vipande vya muvi mlivyovirekodi kwa simu kutoka kwenye runinga. Hiyo ni hakimiliki ya mtu, na picha yenyewe inakuwa mbaya, inaiharibia muvi jina.

Mambo madogo yanayovunja vikundi

Pesa: bando na vitafunwa vichangwe kabla, mwenye nyumba asichange. Ndugu wa mtu ameigiza: aseme mapema, aongee wa mwisho. Mtu mmoja anageuza kila muvi kuwa mahubiri: mrudisheni kwenye tukio. "Tukio gani, kaka?" Akikosa, zamu imepita. Mwenye zamu muvi yake ikipondwa na wote asiadhibiwe kwa wiki nzima. Wiki ijayo ni mwingine atakayesulubiwa.

Mkipata nafasi ya kutoka, nendeni pamoja ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1997, muonje muvi usiku ndani ya Ngome Kongwe. Pale mtasikia watu wa nchi nyingine wakicheka sehemu ambazo ninyi hamkucheka, na mtakuwa na la kuzungumza kwenye boti mpaka Dar.

Kikundi kikinoga majirani watataka kuja, na siku moja mtu atapendekeza kiingilio cha buku. Hapo simameni kidogo. Akaunti kama za Netflix zinaruhusu matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na kuonesha filamu kwa umma kuna taratibu zake za vibali na za wenye haki. Kama mnataka kuonesha kazi ya kwetu kwa mtaa mzima, mtafuteni mtengenezaji mwenyewe mumwombe. Wapo wanaokubali kwa furaha, na mwingine anaweza kuja kukaa kwenye mkeka, awasikilize mnavyoichambua. Akija, kanuni ni ile ile, na yeye ndiye atakayeishukuru kuliko wote: mtajieni matukio.